Gari Lililoshuka Kanisani Likinguruma

Wapendwa, huko Rungwe aliishi bwana mmoja aliyekuwa na gari ambalo kwa miaka mingi halikuwa gari. Tumwite Baba Tusekile, kwa kuwa binti yake ndiye aliyesababisha yote. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa ya mtaa, na kanisa lilikuwa chini kabisa, na katikati palikuwa na mteremko ambao ukiangusha parachichi getini kwake, utalikuta limemfikia mzee wa kanisa kabla ya tangazo la kwanza. Mtaa mzima sehemu tambarare ni meza za jikoni tu.

Gari lenyewe lilikuwa Korola ya zamani, aina ile ambayo injini iko mbele lakini zinazosukuma ni tairi za nyuma. Alilipata likiwa bodi tupu. Akalipandisha juu ya matofali uani, akaanza kulitengeneza. Akapiga rangi. Akafumua viti, akavishona upya. Akabadilisha taa, akaweka za duara, kisha akabadilisha tena kwa sababu za duara zililifanya gari lionekane kama limeshtuka. Kuku wakaona buti linafaa, wakahamia. Mkewe alikuwa akiwaambia wageni, "Piteni upande huu jamani, msimkanyage mke mwenzangu."

Na Tusekile alikulia pale chini ya boneti. Watoto wengine walifundishwa kupepeta mchele; yeye alifundishwa kutofautisha namba za spana kwa kuzipapasa. Tangu akiwa mdogo baba yake alimwambia, "Mwanangu, siku ukiolewa, nitakupeleka kanisani kwa gari hili." Ahadi tamu sana. Na alimaanisha.

Basi, siku moja akapata injini ya basi dogo lililopata ajali. Haikuwa saizi yake, lakini hilo lilimsimamisha nani? Akakata, akachomelea, akatengeneza vishikizo kwa vyuma vya kitanda cha wageni. (Wageni walilala wapi, tusiulizane.) Injini ikakaa. Na ilipowaka kwa mara ya kwanza, bwana yule alicheza uani na spana mkononi, mkewe akatoka jikoni akacheza naye, kuku wakatawanyika, majirani wakaja kushangilia. Ilikuwa furaha ya kweli, na sina neno nayo.

Neno langu linaanzia jioni ile, aliposema, "Gari limepona."

Halikuwa limepona. Bado kulikuwa na ile propela shafti, lile bomba refu la chuma linalopita chini ya gari kuchukua nguvu za injini na kuzifikisha kwenye tairi za nyuma. Kwa kuwa injini ilikuwa ya gari jingine, shafti ya zamani haikufaa. Ilibidi ikerezwe nyingine mjini. Baba Tusekile akaingia uvunguni na futi kamba, akapima kwa makini, akapeleka vipimo. Shafti ikaja, inang'aa. Akashusha gari kutoka kwenye matofali, akaifunga upande mmoja, akavuta upande wa pili. Haikufika.

Mnajua kosa lilikuwa wapi? Alipima gari likiwa juu ya matofali, tairi zinaning'inia. Liliposhuka chini na kubeba uzito wake, kila kitu kikakaa mahali pengine. Wangapi wetu tumejipima tukiwa tunaning'inia, maisha hayajatulemea bado, tukajiona tumekamilika?

Kwa hiyo hali ilikuwa hivi: injini iko mbele inafanya kazi, tairi ziko nyuma zinasubiri kazi, na katikati pana hewa. Kila jioni bwana yule aliwasha, akapiga resi mtaa mzima ukasikia, akazima, akaenda kula. Hakuna aliyegundua kwamba gari linalonguruma vile halijawahi kutoka getini.

Kisha Tusekile akachumbiwa. Kwenye kikao cha posa akaja baba wa kijana, mfanyabiashara kutoka Mbeya mjini, mtu wa suti tatu na gari kubwa jeusi. Akauliza, kwa upole tu, "Mzazi mwenzangu, siku ya harusi tukutafutie gari la bibi harusi?"

"La nini?" akajibu Baba Tusekile, mbele ya wazee wa pande zote mbili. "Ataenda na langu. Nimeliunda mwenyewe. Linatembea, asikwambie mtu."

Fundi wa mjini alisema atakereza shafti nyingine, lakini si kabla ya harusi. Hebu niambieni, nyinyi mnaonisikiliza, kuna ugumu gani katika kutamka maneno "halijawa tayari"? Ni maneno mepesi. Hata mtoto huyatamka. Lakini yule bwana alipoyajaribu peke yake mbele ya kioo cha pembeni cha gari, alimwona yule mkwe wa suti tatu akitabasamu, na maneno yakagoma kutoka.

Asubuhi ya harusi, gari lilikuwa getini, limepambwa kwa maua na riboni, uso umeelekea chini. Chini ya tairi palikuwa na jiwe. Mkewe alisimama kando, amevaa kitenge cha harusi, mkono kiunoni.

"Unataka kuniambia," alisema kwa sauti ya chini, "tunampeleka mtoto kanisani kwa mteremko?"

"Injini nitaiwasha. Watasikia inanguruma, wataona linatembea. Nani atauliza?"

"Breki je?"

"Breki ni nzima. Breki ndiyo kitu kizima kuliko vyote."

"Na kurudi?"

"Mama Tusekile, kurudi tumwachie Mungu."

Mmemsikia? Wazee hawajaambiwa. Binti hajaambiwa. Wakwe hawajaambiwa. Mungu ndiye anaachiwa, kana kwamba Mungu ni yadi ya magari mabovu.

Bibi harusi na mpambe wake walipokwisha kuketi nyuma, Mama Tusekile akakunja kitenge, akalipiga jiwe teke.

Likaenda! Injini ilinguruma, gari lilitembea, na mambo hayo mawili hayakuwa na uhusiano wowote. Baba wa watu kanyoosha shingo, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unachezea gia kwa madaha. Honi kila kona. Wamama wakatoka kwenye migomba wakipiga vigelegele.

Tusekile, kwenye shela lake, akatazama ule mkono wa gia.

"Baba."

"Naam, mwanangu."

"Uko nyutro."

"Bibi harusi huwa haongei njiani. Ni mkosi."

"Mkosi ni kushuka mlima huu nyutro, baba. Shafti iko wapi?"

"Iko nyumbani," akasema, macho mbele. "Imepumzika."

Tusekile akaegemea kiti alichokishona baba yake, akacheka mpaka mpambe wake akamfuta machozi ili wanja usichuruzike. Baba yeye hakucheka. Alikuwa akihesabu kona.

Wakafika. Akasimamisha gari mbele ya kanisa taratibu, kama rubani. Watu wakalizunguka. Yule mkwe wa Mbeya akaja akalipapasa boneti, akasema, "Mzazi mwenzangu, umeiunda mashine hii kwa mikono yako?"

"Kwa mikono hii hii."

"Nakuvulia kofia."

Na tangu hapo Baba Tusekile hakusikia ibada. Kwaya iliimba, yeye akawaza mlima. Maharusi wakaapa kwa taabu na raha, yeye akawaza mlima. Sherehe ilikuwa nyumbani kwake, kule juu. Mpango wake ulikuwa kuwaambia watu watangulie, yeye atafuata. Lakini alisahau jambo ambalo hata watoto wanalijua: msafara wa harusi hauwezi kumtangulia bibi harusi. Walipotoka kanisani, magari karibu yote yakapanga foleni nyuma ya Korola. Pikapu ya matarumbeta ikajisogeza. Wote wakasubiri gari la mbele liondoke.

Akawasha. Injini ikanguruma. Gari likakaa.

Akapiga resi. Wapiga tarumbeta wakadhani ndiyo mbwembwe zenyewe, wakamjibu kwa tarumbeta. Akaongeza resi, wakaongeza tarumbeta. Watu wakaanza kucheza. Vumbi, moshi, vigelegele, na gari limetulia tuli kama kabati. Shangazi mmoja akapiga kelele, "Baba Tusekile, unatutesa! Ondoa basi!" Na jasho likamtiririka mpaka kwenye kola.

Tusekile akainama kutoka kiti cha nyuma, akamshika bega. Hakuwa akicheka tena. "Baba," alisema, "sema. Nimeshika tochi chini ya gari hili tangu sijaota meno ya pili. Sioni aibu nalo. Sema tu."

Bwana yule akazima injini. Tarumbeta zikakatika moja moja. Akateremka, akasimama mbele ya watu wote, mikono haijui pa kwenda.

"Ndugu zangu," akasema, "gari hili haliendi. Linanguruma tu. Injini haijaungana na tairi. Nilimwahidi mwanangu, nikashindwa kusema sijamaliza. Tumekuja kwa mteremko."

Macho yote yakahamia kwa mkwe wa suti tatu.

Mkwe akavua koti. Akalikunja polepole, akampa mkewe. Akakohoa.

"Mzazi mwenzangu," akasema, "unaliona gari langu lile jeusi, limesimama kule peke yake, uso barabarani?"

"Nimeliona."

"Halina rivasi. Mwezi wa ngapi huu. Likienda mbele limekwenda, kurudi nyuma halijui. Nimefika hapa kabla ya mlinzi, nipate mahali ambapo sitalazimika kurudi nyuma mbele ya macho yako."

Jamani! Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini na nguo zao za harusi. Baba Tusekile alicheka akishikilia mlango wa gari. Walikumbatiana, wale wawili waliokuwa wakiogopana tangu siku ya posa, wakapigana mgongoni kama watoto wa shule moja.

Kisha mkwe akakunja mikono ya shati. "Haya, nani anashika usukani?"

"Mimi," akasema Tusekile. Akavua viatu, akamtupia mpambe, akahamia mbele na shela lake lote. Baba yake akazunguka nyuma, akasimama bega kwa bega na mkwe wake. Mnajua kwa mila za kule mkamwana na baba mkwe hawakaziani macho. Lakini kusukuma gari kunamtaka mtu ainamishe kichwa, kwa hiyo hata mila haikuvunjika. Bwana harusi akashika ubavuni. Kwaya ikashika kila palipobaki. Matarumbeta yakatangulia.

Na wakapanda. Na walipokuwa wakipanda, kila mtu akaona siku hiyo ni yake ya kusema ukweli. Msimamizi wa bwana harusi akasema suti yake ni ya shemeji na ndiyo maana hainui mikono. Shangazi yule mwenye kelele akasema keki aliyoileta, tabaka la chini ni boksi lililopakwa sukari. Mwalimu wa kwaya akasema ule wimbo wa pili hawakuumaliza kwa sababu hawajui unavyoisha. Kila aliyesema alishangiliwa, na gari likapanda hatua nyingine. Walipofika getini, hakuna aliyekuwa na pumzi na hakuna aliyekuwa amenuna. Wazee wa Rungwe wanakubaliana hawajaona harusi iliyochangamka vile, na waliona nyingi.

Sasa tuje kwetu.

Najua wapo hapa wanaosubiri niseme kwamba rivasi ni toba. Sisemi. Mfano nao una haki ya kupumzika.

Ninachosema ni hiki. Wakati wa kuteremka, yule bwana alikuwa na vigelegele vyote, na alikuwa peke yake kuliko mtu yeyote barabarani. Mtaa mzima ulikuwa na mikono, mikono mizuri, yenye nguvu, na hakuna mkono hata mmoja uliomgusa. Ungemgusaje? Nani anasukuma gari ambalo mwenyewe amesema ni zima?

Na sisi je? Kuja hapa Jumapili ni mteremko, wapendwa. Nguo imepigwa pasi, kengele imelia, miguu inajua njia. "Bwana asifiwe!" tunanguruma. "Asifiwe sana!" tunapiga resi. Ukitusikia kwa mbali utasema hawa watu wana mwendo. Jumatatu ndiyo mlima. Ndoa ambayo watu wake hawajasemeshana tangu Pasaka ni mlima. Mtoto ambaye harudi nyumbani ni mlima. Imani ambayo inanguruma kinywani na haifiki miguuni ni mlima. Na tunasimama pale chini peke yetu, tunakanyaga, tunatoa moshi, huku ndugu zetu wanatupigia tarumbeta wakidhani ni mbwembwe. Tunamlaumu nani? Tumewaambia limepona.

Mungu haoni aibu na gari lako. Ameshika tochi chini yake tangu mwanzo, anajua kila kilichofungwa kwa chuma cha kitanda. Wa kuambiwa ni huyu aliyekaa benchi moja na wewe, ambaye naye, ukimtazama vizuri, ameegesha uso barabarani.

Sitawaambia mgeukiane sasa hivi mkasema maneno nitakayowapa. Mtayasema vizuri mno, kwa pamoja, na hayatafika kwenye tairi. Nawaomba kitu kigumu zaidi. Ibada ikiisha nitasimama pale mlangoni kama kawaida. Nitakushika mkono, nitakuuliza, "Habari za nyumbani?" Usiniambie nzuri kwa haraka upishe mwenzako. Foleni itasubiri. Leo nimekuja na nguvu za kusukuma.