Sikitu, Kinyonga na Nyumba Iliyoitika Hodi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa nyumba.

Nyumba ya nani?

Hatumjui mwenyewe, mwenye ngano. Tutajie.

Basi sogeeni, kuni zimeshika. Na wewe unayesinzia pale nyuma, sinzia kwa adabu, usikorome kwenye ngano yangu.

Hapo zamani za kale, zamani ile ambayo wanyama walikuwa na kazi zao za kuwalisha na binadamu walikuwa na subira, aliishi mfinyanzi mmoja jina lake Sikitu. Alifinyanga vyungu, mitungi na vyetezo. Aliishi na mama yake, Bi Mishi, aliyekuwa kipofu. Nyumba hawakuwa nayo. Walipanga huku, wakahama. Wakapanga kule, wakahama. Wakapanga kwingine, wakaambiwa moshi wa tanuri lao umezidi, wakahama tena.

Sasa, katika nchi ile mpangaji hakuitikia hodi. Mtu akibisha mlangoni, mwenye nyumba ndiye aliyesema karibu. Mpangaji alikaa kimya kama hayupo. Bi Mishi alikuwa amekaa kimya hivyo miaka thelathini, na hodi zikipita masikioni mwake.

Siku moja akamwita bintiye akamwambia, "Mwanangu, chakula sikuombi, nguo sikuombi. Kabla sijafa, nataka mtu abishe hodi na mimi niitikie."

Maneno hayo yakamwingia Sikitu. Mali yake yote ilikuwa ng'ombe watatu, jasho la vyungu vya miaka ishirini. Masika yalikuwa karibu, na kifua cha mama kilikuwa kikikoroma kila baridi ikigusa. Sikitu akajua kwamba akinunua vibaya mara moja, hana cha kununulia mara ya pili. Akaenda kumtafuta dalali.

Na dalali wa nchi ile alikuwa nani? Alikuwa Bwana Kinyonga. Ukitaka nyumba nyekundu, alikuwa mwekundu. Ukitaka ya kijani, alikuwa wa kijani. Jicho moja lilimtazama mteja, la pili likatazama mifugo ya mteja. Alipoona ng'ombe watatu, macho yote mawili yakakutana, jambo ambalo si la kawaida kwake.

Akampeleka kwenye nyumba ya kwanza. Ilikuwa juu ya kilima, na mlango wake ulikuwa wa mninga, umechongwa maua kutoka juu mpaka kizingitini. Kinyonga akawa rangi ya mninga, akasema, "Ingia tu, dada. Hakuna mtu."

Sikitu akajibu, "Mama kanifunza: hata nyumba tupu hubishiwa hodi."

Akabisha. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi wenyewe!"

"Karibu," ikajibu sauti kutoka jikoni.

Akatoka mwanamke mwenye unga mikononi, akaomba radhi kwa moshi, akatandika mkeka. Sikitu akamuuliza kwa upole wanahama lini. Mwanamke yule hakuelewa. Sikitu akamweleza kwamba nyumba inauzwa. Mwanamke akamgeukia Kinyonga, naye Kinyonga akasema amepatana na mume, na mume ndiye mwenye nyumba, hayo mengine ni mambo madogo.

Mwanamke hakubishana. Alikwenda ukutani, akaweka mkono wake juu ya udongo uliokauka zamani. Ukuta mzima ulikuwa na alama za vidole vya aliyeukandika, na vidole vyake vikaingia katika alama zile, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Sikitu ni mtu wa udongo. Aliziona alama zile akajua nani aliyeijenga nyumba, maana udongo haujui kusema uongo.

"Dada, nisamehe," akasema. "Siwezi kununua mlango huu, na neno lake la karibu bado limo mdomoni mwako."

Akatoka. Njiani Kinyonga alilalamika sana juu ya wateja wanaosikiliza kuta. Sikitu akamwambia nyumba njema si mlango.

Kesho yake wakaenda nyumba ya pili. Hii ilikuwa bondeni, nyumba ya mawe, kuta nene, chokaa mpya inayoumiza macho. Nchi nzima ilikuwa imekauka kwa kiangazi, lakini majani ya pale yalikuwa mabichi na migomba imenenepa. Na bei? Ng'ombe mmoja tu. Sikitu aliposikia bei, moyo ulimruka. Alishajiona ameketi barazani na mama yake, na ng'ombe wawili wakicheua nyuma ya nyumba.

Kinyonga akawa mweupe wa chokaa. Alikuwa ameshika fremu ya mlango, hakukanyaga chini hata unyayo mmoja. "Ingia tu, dada. Hakuna mtu."

"Mama kanifunza: hata nyumba tupu hubishiwa hodi."

"Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi wenyewe!"

"Karibu."

Sauti ile haikutoka chumbani wala jikoni. Ilitoka chini ya sakafu. Ilikuwa pana, na Sikitu aliisikia kwa nyayo kabla ya masikio. Ubaridi ukampanda mpaka magotini. Alimtazama Kinyonga, na Kinyonga alikuwa anahesabu nzi ukutani. Hakuwa amesikia lolote. Sikitu akapiga magoti, akaweka kiganja sakafuni.

"Nani mwenzangu?" akauliza.

"Mwenye nyumba."

"Nyumba hii inauzwa na mwingine."

"Huyo alinikuta nimetoka safari iliyopita, akajenga njiani kwangu, wala hakubisha hodi. Mimi ni Mto. Hutoka miaka kumi na miwili, kisha hurudi."

"Na huu ni mwaka wa ngapi, Bwana Mto?"

"Wa kumi na mbili. Wewe ndiye wa kwanza kunibishia. Kwa hiyo nakwambia: siku utakaponisikia nikibisha, usiitike."

Sikitu aliogopa, jamani, aliogopa mpaka jino likagonga jino. Lakini ndani ya woga ule mlikuwa na kitu kingine kilichomfanya asitake kuinua kiganja chake. Alikuwa ameongea na kilichokuwapo kabla ya watu. Alipoinuka, akakwangua chokaa kwa ukucha. Chini yake akakuta mstari wa tope la zamani, umenyooka ukuta hadi ukuta, usawa wa kifua chake.

Akamwonyesha Kinyonga. Kinyonga akasema ni urembo. Akaisifu nyumba njia nzima: ubaridi wake, migomba yake, kuta zake. Aliisifu mpaka akaanza kuzisadiki sifa zake mwenyewe. Jioni ile, sikilizeni maajabu, dalali akainunua nyumba yeye, akisema kwamba ujinga wa Sikitu ni bahati yake.

Bi Mishi aliposimuliwa yote, alicheka kidogo. "Chema chajiuza, mwanangu, kibaya chajitembeza. Ya tatu itafute nje ya midomo ya dalali."

Basi Sikitu akaenda kuuliza kisimani, kwa wachota maji, maana hao hujua nani anahama na kwa nini. Wakamwelekeza kwenye mteremko, kwa mjane mmoja, Bi Kirembo, aliyekuwa anahamia kwa binti yake ng'ambo ya milima. Kinyonga akasikia, akamfuata hivyo hivyo, kwa kuwa udalali haukosi njia.

Nyumba ya tatu ilikuwa ndogo, ya udongo, nyasi zake za paa zimezeeka. Kinyonga akawa wa kijivu kwa dharau. "Ingia tu, dada. Hakuna mtu, na ningekuwa mimi, hata mimi nisingeingia."

"Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi wenyewe!"

Kimya. Kimya kile kilimtisha Sikitu kuliko sauti ya chini ya sakafu. Alisimama kizingitini, hajui kama nyumba inamkataa au inamngoja.

"Haitakuitikia hiyo," ikasema sauti nyuma yake. Alikuwa Bi Kirembo, amekalia kinu kilichopinduliwa, anatafuna tumbaku. "Nimeshaiaga."

Akaeleza, na alieleza kwa ukali kama anayegombana. Siku saba alikuwa akiaga. Aliwaita wanawe wote, kila mmoja akasema kwa mdomo wake kwamba ameridhia. Aliwaita majirani wa kulia na wa kushoto, wakauzunguka mpaka wote wa kiwanja kwa miguu, wakapanda masale, yale majani ya mpaka, kila palipopinda. Kisha akashika kila nguzo ya nyumba, akaiambia kwamba anakwenda.

"Sasa nikupe kasoro zake," akasema Bi Kirembo. "Paa linavuja upande wa mawio. Mwimo wa kushoto wa mlango umeliwa na mchwa. Na nyuma ya jiko kuna njia ya majirani kwenda kisimani, ipo tangu bibi yangu, usije ukaiziba."

Sikitu akamtazama sana. Hakuwa amewahi kusikia muuzaji akitukana mali yake. "Na kasoro ya nne?"

"Ya nne nilikuwa mimi," akasema yule mama, "na mimi naondoka."

Alitaka ng'ombe watatu. Sikitu akataja paa. Akataja mchwa. Akataja njia. Bi Kirembo akatema tumbaku, akashuka mpaka ng'ombe wawili na mtungi mkubwa. Wakapeana mikono mbele ya majirani wale wale wa mpakani, ili kesho asitokee wa kusema hakujua. Kinyonga akadai chake. Akapewa kikombe cha maji, akashuka zake bondeni kwenye nyumba yake ya mawe.

Sikitu akaezeka paa. Akaweka mwimo mpya wa mlango. Akamleta mama yake, akamwongoza mkono juu ya kila nguzo. Lakini siku zikapita, na hodi haikubishwa. Majirani walikuwa mashambani wakipanda, kila mtu na jembe lake. Bi Mishi alikaa karibu na mlango, akingoja.

Ikawa siku moja alasiri. Jua linawaka, wingu hakuna, ila mbali kule milimani mvua ilikuwa imenyesha siku tisa. Ndege wakanyamaza. Vyungu vya Sikitu vikaanza kulia vyenyewe, taratibu, kimoja kikikiitikia kingine.

"Hodi."

Ilitoka ardhini, ikapita kwenye nyayo za kila mtu. Waliokuwa mashambani wakaacha majembe. "Hodi," mara ya pili. Mteremko mzima ukatoka nje, wakubwa kwa wadogo. Wote waliangalia bonde.

"Hodi wenyewe," mara ya tatu.

Bi Mishi akainuka. Miaka thelathini, wasikilizaji wangu, miaka thelathini alikuwa akiingoja hodi. Akafungua mdomo. Sikitu akakumbuka neno la Mto: usiitike.

Bi Mishi akafunga mdomo. "Hodi hiyo si yetu, mwanangu," akasema. "Huyo anarudi kwake."

Lakini kule bondeni Bwana Kinyonga alikuwa dirishani, amevaa weupe wa chokaa, ana hamu ya wageni wa kuwaonyesha nyumba yake. "Karibu!" akaita. "Karibu ndani, hakuna mtu!"

Na Mto ukaingia.

Haukukimbia. Ulikuja kama mtu anayetoka safari ndefu na mizigo yake. Ulikuwa mpana, wa kahawia, na miti mizima mabegani. Ukapita mlangoni, ukaingia chumba cha kwanza, ukaingia cha pili, ukaingia cha tatu, ukakaa. Ule mstari wa tope ukutani ukafikiwa, ukapitwa. Watu wa mteremkoni waliogopa, na waliokuwa na kofia walizivua. Jua lilipokuwa linazama, pale palipokuwa na nyumba ya mawe palikuwa na maji matulivu, yanang'aa, na migomba yote imeinama.

Asubuhi yake, Sikitu alikuwa anakoroga uji. Akasikia kitu kinakwaruza nje. Alikuwa Kinyonga, aliyeokolewa na tawi lililokuwa likielea, ametapakaa tope na hana rangi nyingine yoyote. Alifika kizingitini, akainua mguu, akaurudisha. Akauinua, akaurudisha. Akauinua tena, akauacha hewani unatetemeka.

"Hodi," akasema, kwa sauti ndogo. Tangu azaliwe hakuwa amelitamka neno hilo.

Sikitu akamtazama mama yake. Bi Mishi akasimama, akapapasa mpaka akaushika mwimo mpya wa mlango. Akasafisha koo.

"Karibu," akasema. Sauti ilipasuka katikati, kwa kuwa neno lilikuwa limekaa sana. Akalisema tena, na mara hii lilitoka zima. "Karibu ndani, baba. Karibu kwetu."

Sikitu akaanza kulia juu ya sufuria, na uji ukaungua, na hakuna aliyejali. Wakaunywa hivyo hivyo, watatu, na Kinyonga akaomba cha pili.

Tangu siku ile, mtazameni Kinyonga anapotembea. Hainui mguu bila kuurudisha, hakanyagi bila kusita kwanza. Anabisha hodi kila hatua, asije akakanyaga kwa mwenyewe. Rangi tu ndizo hakuziacha, maana tabia haina dawa.

Ndiyo ngano yangu. Anayenunua nyumba asianze kwa kutoa ng'ombe, aanze kwa kubisha hodi, na asikilize nani anaitika: mke, mto, au kimya cha nyumba iliyokwisha kuagwa. Anayeuza, aage kwanza, na kasoro azitaje mwenyewe. Mimi pia niliwahi kutaka kununua kiwanja. Nikabisha hodi, ikaitika sauti ya mama mkwe wangu kutoka nyumba ya jirani. Nikarudi mbio kuja kuwasimulia ninyi.

Haya, niambieni. Pakawa nini?

Pakawa nyumba.

Nyumba ya nani?

Ya aitikaye hodi.

Mmejibu vyema. Ngano imeingia ndani, mlango nimeurudishia, na uji uliobaki ni wa aliyekuwa macho.