Chiriku wa Shamba la Ulezi

Hapo kale, wajukuu zangu, nasema kale wala si juzi, milima ya Uporoto ilikuwa na baridi ya kweli, siyo hii yenu ya kuvaa sweta na kulalamika. Umande uliganda majanini. Wewe hapo, acha kusinzia!

Enzi hizo alikuwapo bibi harusi mmoja, Tupokigwe, aliyetoka bondeni kwenye mpunga. Kwao ndege ni adui. Mtoto akianza tu kutembea anapewa kombeo, anaambiwa fukuza! Fukuza! Basi kipupwe chake cha kwanza ukweni akaona shamba la ulezi limevunwa, lakini mabua yamesimama, na kona moja haijaguswa kabisa. Chiriku wamejaa tele, wanadonoa, wanapiga kelele.

"Aibu gani hii!" akawaza. "Watasema mkamwana mvivu."

Mama mkwe wake, Ngabagila, alikuwa mjane, tena kipofu, na si mtu wa kusifu ovyo. Tupokigwe alitamani sifa yake moja tu. Akafyeka. Akafyeka, akakusanya, akachoma. Shamba likabaki jeupe.

Kesho yake Ngabagila akakaa mlangoni kama kawaida yake. Akangoja, akangoja. Jua likapanda.

"Mkamwana, kumekucha?"

"Kumekucha zamani, mama."

"Mbona chiriku hawajasema?"

Tupokigwe akaeleza kwa fahari alivyosafisha shamba. Ngabagila akageuzia uso shambani.

"Mwanangu, huku mabua tunawaachia wao. Baridi hii watakula wapi, watajibanza wapi? Na ile kona marehemu mume wangu aliiacha nilipopofuka macho, ili nijue kumekucha. Sasa kwangu ni usiku tu."

Jamani, Tupokigwe alilia! Alikuwa na kikapu cha ulezi alichojiwekea apike pombe ya kuwakaribisha wazazi wake, kwani bila pombe wakwe hawaitwi, naye alikuwa amemkumbuka mno mama yake. Akakibeba. Akaomba mabua kwa majirani, akayasimika konani yakinge upepo, akamwaga ulezi chini yake. Kimya. Kesho akamwaga tena. Kimya. Akamwaga mpaka kikapu kikaisha, na moyo ukamwisha.

Ndipo alfajiri moja, akiwa jikoni anapuliza moto, akasikia chiriku mmoja. Kisha mwingine. Kisha shamba zima!

"Kumekucha," akasema Ngabagila mlangoni, machozi yakimtiririka. "Mkamwana!"

"Abee, mama."

"Waite wazazi wako."

"Mama, pombe hatuna. Ulezi wote nimewapa ndege."

"Nani kataka pombe? Waje wakae na mimi hapa, wasikie kazi ya binti yao."

Ah, watoto, asubuhi zile nazililia mpaka leo. Siku hizi mnavuna hadi bua la mwisho, kisha mnaamshwa na redio. Ukienda ugenini, uliza kabla hujasafisha. Ukivuna, bakiza.

Kisa kimenitoka kinywani, kimeingia masikioni mwenu. Laleni nacho.