Buibui la Msumarini

Bwana Famau, mkali kama pilipili, alimkataza mkewe Mwatime kwenda kucheza chakacha harusini. Jioni akarudi, akakuta nyumba tupu. Huko kwa wanawake mwanamume haingii, basi akalivaa buibui lililotundikwa msumarini, akajifunika uso, akaenda kumnasa.

Kufika tu, Mwatime akamvuta uwanjani. "Shoga, kata kiuno!"

Kwa hofu ya kujulikana, Famau akakikata.

Waliporudi nyumbani akafoka, "Nimekuona ukicheza!"

"Mle wamo wanawake watupu, bwana. Umenionea wapi?"

Famau akajitia kutafuta kofia yake.

"Kesho kuna harusi nyingine. Niende?"

"Nenda," akanong'ona.

"Twende sote. Buibui lako nalirudisha msumarini. Limekukaa vizuri, maana nililishona kwa kipimo chako."