Samaki Waliokaribishwa Mno

Msomee kwanza aliye karibu nawe, halafu mtumie aliye mbali. Kisa hiki hakikuombi nauli wala hakikutishii mkosi ukikiacha njiani.

Palikuwa na dereva mmoja wa malori ya masafa, Deo Banzi, mwenyeji wa Morogoro kwa kuzaliwa na mgeni wa Morogoro kwa kazi. Alijua ni mama lishe yupi Tunduma asiyepunja nyama. Aligombana na askari wa Kasumbalesa kwa Kilingala asichokijua, akashindwa, akawashukuru kwa Kibemba asichokijua pia. Alilala Kigali, Lubumbashi na Lusaka. Kitu kimoja tu hakukijua vizuri: nyumba yake.

Binti yake, Adela, alizaliwa wakati watu wameshaanza kumwita babake mzee, na tumbo limeshaanza kuukalia mkanda. Mtoto akakua akimfahamu baba kama sauti ya kwenye simu inayouliza, "Umekula?" kisha mtandao unakatika.

Mwaka ule lori likaingia gereji kwa matengenezo makubwa, na Banzi akarudishwa nyumbani mpaka litakapopona. Alifika na mfuko wa biskuti na tabasamu la kutosha kijiji kizima. Adela, wa miaka mitano, akachungulia kutoka nyuma ya kanga ya bibi yake.

"Msalimie," alisema Bibi Koleta, mama yake Banzi.

"Shikamoo, mgeni."

Nyumba nzima ilicheka. Banzi alicheka kuliko wote. Kisha akaenda bafuni, akafungulia bomba, akakaa humo mpaka mkewe Yustina akagonga mlango kuuliza kama maji yanalipiwa na serikali.

Tangu siku ile roho yake haikutulia. Alijua lori litapona tu, na likipona ataondoka. Je, akirudi tena, mtoto atamwitaje? Bwana?

Siku moja alimpeleka Adela kung'oa jino. Pale kwa daktari, ukutani, palikuwa na tangi la kioo lenye samaki wa mapambo. Adela akabandika pua kwenye kioo, akasahau jino.

"Baba," alisema.

Banzi akageuka kuangalia ni baba gani anayeitwa.

"Baba, hawa huwa wanasafiri?"

"Hawa? Wataenda wapi, nao hawana hata tela?"

"Hata kesho watakuwepo?"

"Hata kesho."

"Nawataka hawa."

Basi mtu na akili zake, aliyewahi kushusha mzigo wa saruji kwenye mteremko wa Kitonga breki zikinuka moto, akatetemekea tangi la kioo. Akanunua tangi, kokoto, pampu ya hewa, chujio na majani ya majini. Muuza samaki akampa masharti mawili tu: tangi likae na maji yake na pampu iungurume kwa majuma kadhaa kabla ya kutia samaki, na samaki wakishaingia, mtoto awape chakula asubuhi tu, kiasi cha kubanwa na vidole viwili. Kinachobaki kinaoza, na maji yakioza samaki hana pa kukimbilia.

Wakajaza tangi, wakangoja. Pampu inaunguruma, mapovu yanapanda, ndani hamna mtu.

"Baba Adela," alisema Yustina, "wenzetu wanafuga kuku. Sisi tunafuga maji."

"Ni mifugo mitulivu," alijibu Banzi, lakini moyoni alikuwa anaomba gereji icheleweshe spea.

Kila jioni Adela alikuja kukaa karibu naye kuangalia yale maji matupu. Alianza kumsimulia habari. Jirani ana paka mpya. Mwalimu ana kikohozi. "Na Mama amesema wewe ukilala unakoroma kama lori lililokwama."

Banzi alicheka mpaka machozi, kisha akakumbuka kwamba yeye ni mzazi. "Lakini mwanangu, mtoto mwenye adabu hasemi ya wakubwa. Akiona, anameza."

Adela akaitikia kwa kichwa. Akameza.

Samaki wakaletwa, wanne. Adela akawapa majina yeye mwenyewe. Wawili wembamba walikuwa Konda na Utingo. Mweusi alikuwa Paroko. Mmoja mwekundu, mnene, mwenye mikogo, akaitwa Shangazi, na shangazi mwenyewe alipokuja kutembea hakufurahi.

Tangi likawekwa sebuleni, mkabala na meza ya chakula. Hapo ndipo kosa lilipoanzia, ingawa hakuna aliyeliona.

Kwani katika nyumba ile halikuwepo kosa kubwa kama kula huku mtu anakuangalia. Bibi Koleta alilea watoto saba kwa sheria hiyo. Msoma mita ya maji akikuta watu mezani, alisukumiwa sahani kabla hajasema deni ni kiasi gani. Fundi akija kuzibua mfereji, alikula kwanza, mfereji ungoje.

Na samaki, kila sahani zilipotua, walikuja wote kwenye kioo. Wakapanga foleni. Midomo inafunguka, inafumba, inafunguka, inafumba. Macho hayapepesi.

"Jamani, hawa watu wanatutazama," alisema Bibi Koleta, tonge likiwa hewani.

"Samaki ndivyo walivyo, Mama. Kula."

Bibi Koleta akala, lakini akageuka upande.

Haikupita muda, maji yakaanza kupoteza uangavu. Kwanza yalikuwa kama yamepuliziwa pumzi, kisha kama chai iliyotiwa maziwa ya kubahatisha. Samaki wakapanda juu, wakawa wanahema midomo ikiwa nje ya maji.

Banzi akaingiwa na baridi. Alikumbuka ahadi yake: hata kesho watakuwepo. Sasa kesho yenyewe ilianza kumwogopesha. Akawa anaamka alfajiri kabla ya watu, anakwenda sebuleni na kaptula yake, anainama mbele ya tangi kama mtu anayesaka stesheni redioni. Mmoja, wawili, watatu… wa nne yuko wapi? Ah, yuko nyuma ya jani. Anashusha pumzi, anawatuliza kwa punje mbili tatu za chakula, anarudi kujilaza akiwaza. Akipita tena kwenda kunywa maji, moyo unampiga, anawatuliza tena.

Alipunguza maji machafu, akatia mengine yaliyolala kwenye ndoo mpaka dawa ya bomba imetoka. Yakang'aa. Mara yakachafuka tena. Akalaumu bomba. Akalaumu pampu. Akamlaumu muuza samaki na ukoo wake. Kisha, akiwa amekodoa macho kwenye kokoto, akaona uchafu mweupe umevimba kama uji.

Chakula. Na si chakula cha vidole viwili.

Mchana ule akaitisha kikao mezani.

"Nani analisha samaki zaidi ya mtoto?"

"Mimi?" alisema Bibi Koleta. "Nimelisha watu maisha yangu yote nimechoka, leo nilishe na samaki?"

"Mimi hata kile kikopo chao sijui kinafunguliwaje," alisema Yustina.

Banzi akamgeukia Adela. Adela alikuwa anaangalia sahani yake kama vile wali umeandikwa maneno.

"Adela. Unawapa mara ngapi?"

"Asubuhi."

"Asubuhi tu?"

Kimya.

Banzi akasukuma sahani yake kando. Hakutaka kuamini, lakini barabara ilimfundisha kwamba anayenyamaza kwenye kizuizi ndiye mwenye mzigo.

Keshoye Shangazi akaonekana amelala ubavu. Mkia unatikisika kidogo, unakoma. Banzi akazunguka sebule akitafuta kitambaa cha kufutia kioo, mkono ukaangukia sweta la Adela kwenye kiti. Mfuko ulikuwa mzito. Akatia vidole. Akatoa punje za chakula cha samaki. Akatia tena, akatoa tena. Mfuko mzima umejaa.

"Adela!"

Ile haikuwa sauti ya nyumbani. Ilikuwa sauti ya kumwitia utingo gurudumu likiwa ukingoni mwa korongo. Mtoto akaja mbio, akasimama ghafla.

"Hiki ni nini? Hee? Nilisema mara moja kwa siku! Unawaua samaki wako kwa mkono wako mwenyewe, halafu unanyamaza! Muone Shangazi! Muangalie!"

Adela alimwangalia Shangazi. Kisha akamwangalia baba yake. Hakulia. Alirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka akafika nyuma ya kanga ya bibi yake, akajifunika nayo uso.

Banzi akaona kazi yake yote inaingia ndani ya ile kanga.

Bibi Koleta akanyoosha mkono. "Nipe hilo sweta." Akaupima mfuko kwa kiganja, akanyanyua macho. "Deo, baba yangu. Nikuulize kitu cha kijinga."

"Uliza, Mama."

"Chakula kilichomo mfukoni, kimeingiaje majini?"

Banzi akafungua mdomo. Akaufumba. Akaufungua. Yustina baadaye alisema kwamba pale tofauti yake na Paroko ilikuwa ndogo sana.

Akapiga magoti, magoti yakalia kama bawaba. "Adela. Hiki chakula ni cha nini?"

Sauti ikatoka ndani ya kanga. "Cha asubuhi."

"Cha asubuhi ipi?"

"Zote."

"Kwa hiyo asubuhi… huwapi?"

"Nafanya hivi." Kimkono kikachomoza, kikabana hewa, kikanyunyizia hewa. "Halafu naweka mfukoni."

"Kwa nini, mwanangu? Wewe ndiye ulikuwa unapenda kuwalisha."

"Walikuwa wameshashiba."

"Nani aliwashibisha?"

Kanga ikavutwa, ikakazwa. Kisha: "Mtoto mwenye adabu hasemi ya wakubwa."



Bibi Koleta akakohoa kidogo. "Mimi ni ugali. Kidogo tu, mchana. Sasa mtu anakutumbulia macho hivyo, utamezaje?"

Yustina akashika shavu. "Mimi jioni nikitoka sokoni, nawamegea mkate. Nawakuta wanahema mdomo juu, nikajua wameshindishwa njaa. Nikasema, hawa watu wa nyumba hii hawana huruma."

Banzi akavuta pumzi ya kuwakaripia wote wawili. Hakuitumia. Macho ya Adela yalikuwa yametokeza juu ya kanga, na hayakuwa yanamwangalia bibi wala mama. Yalikuwa yanaangalia vidole vya Banzi mwenyewe, cha gumba na cha shahada.

Ndipo alipojiona kwa mara ya kwanza, mzee na kaptula yake alfajiri, anawatuliza. Anapita, anawatuliza. Anarudi, anawatuliza. Hakuwahi kuhesabu kwamba huko ni kulisha. Aliona ni kama kuwapa pole.

Watu wazima watatu, kila mmoja aliona samaki wanahema akadhani ni njaa, na kila mmoja alidhani huruma iko kwake peke yake. Kadiri walivyohema ndivyo walivyotiliwa. Ni mtoto tu aliyewaona wote. Kuwazuia hakuweza, kuwasema alikatazwa. Akapunguza kilichokuwa kwenye uwezo wake: zamu yake mwenyewe.

"Hata mimi," alisema Banzi. Sauti ilikuwa ndogo. "Kuliko wote."

Wakafanya kazi. Walifyonza uchafu, wakapunguza maji, wakatia mengine taratibu. Bibi Koleta alishika ndoo, Yustina alishika mpira, Adela alishika kitambaa akiwa mbali kidogo. Konda, Utingo na Paroko walishuka chini kidogo kidogo, wakaanza kuogelea kama watu waliotoka hospitali. Shangazi hakuamka.

Adela akaja kusimama kando ya tangi. "Amesafiri?"

Lilikuwa neno rahisi, liko mdomoni tayari. Banzi angeliitikia tu, yakaisha.

"Hapana," alisema. "Amekufa, Adela. Nilikwambia watakuwepo hata kesho, nikaogopa wasiwepo, na woga wangu ndio uliomuua. Wewe ulikuwa unamwokoa. Nimekukaripia bure, tena mbele za watu. Nisamehe, mama."

Adela alimwangalia tu, kama anayepima mzigo.

Wakamzika Shangazi nyuma ya jiko. Simu ya gereji ikaingia wakati ule ule: lori limepona, kesho kutwa safari ya Lubumbashi. Banzi akaitikia, "Sawa, bosi," akairudisha simu mfukoni.

Jioni wakaketi kula. Sahani hazijatulia, samaki watatu wakaja kwenye kioo. Midomo inafunguka, inafumba. Bibi Koleta akaukalia mkono wake wa kushoto. Yustina akainamia mchuzi. Banzi akashika tonge, akalirudisha sahanini. Kikopo cha chakula kilikuwa karibu na kiwiko chake, karibu mno.

Adela akateremka kwenye kiti chake. Akaja kukaa kando ya baba yake, akakishika kidole gumba cha mkono wa kulia wa baba pamoja na cha shahada, akavibana kwenye ngumi yake ndogo.

"Adela," alinong'ona Banzi, "tuwape kidogo?"

"Leo hapana."

"Wanatuangalia."

"Na sisi tuwaangalie, Baba. Kula."

Akala kwa mkono mmoja, kwa kijiko, kama mgonjwa. Ule mwingine hakuachiwa mpaka sahani zikaondolewa mezani.

Funzo: Kumpenda mtu bila kuulizana na wengine wanaompenda ni kumlisha mpaka afe, na kabla hujampigia kelele mwenye kiganja kitupu, tazama kwanza vidole vyako vimetia mara ngapi.