Samaki wa Sultani na Mashimo ya Ngozi

Hapo zamani za masultani na mawaziri, katika mji wa Kitope, Sultani Darweshi alichimba mashimo ya kulowekea ngozi kando ya mto. Maji yake meusi yakawa yanamwagika mtoni, na watu wa bondeni wakila kambare wakitapika. Palikuwa na fukara mmoja mcheshi, jina lake Shekuwe; mtoto wa dada yake akawa hawezi hata kusimama.

Basi Shekuwe akaenda barazani, akasema, "Bwana wangu, samaki wetu wameingiwa na sumu."

Sultani akamcheka. "Samaki hukaa ndani ya maji, maji hayakai ndani ya samaki. Au sivyo, waziri?"

"Ndivyo hasa, bwana," akajibu waziri huku akitafuna tambuu. Yeye na Sultani walikula samaki wa kule juu ya mto, ambako maji ya ngozi hayafiki.

"Nithibitishie vinginevyo kufikia kesho," akasema Sultani, "bila tabibu wala shahidi. Ukiweza, nitafukia mashimo. Ukishindwa, utahama mji, wewe na dada yako na mtoto wake."

"Nimesikia na nimetii. Ila niruhusu nikupikie kitoweo."

"Pika. Chumvi usizidishe."

Kesho yake kikaletwa chakula, wali na samaki wa nazi aliyekolea ukwaju. Sultani akamega tonge, akalirudisha sahanini. "Shekuwe, mbona huyu ananuka kiatu?"

"Ni samaki wako wa juu, bwana. Nilimloweka tu shimoni tangu alfajiri. Kula bila wasiwasi, maji hayakai ndani ya samaki."

"Wataka kuniua?"

"Hasha. Basi mpe waziri aanze."

Waziri akatema tambuu upesi, akasema amefunga.

"Bwana wangu," akasema Shekuwe, "huyu amelala humo asubuhi moja, nanyi mnamkimbia. Wale tunaokula sisi wamezaliwa humo."

Sultani akaitazama sahani, akamtazama waziri na midomo yake myekundu, akacheka mpaka kilemba kikamlegea. "Umenipata. Omba na zawadi."

"Kuanzia leo samaki wako wavuliwe bondeni, tunapovua sisi."

Ikawa mashimo yamefukiwa kabla jua halijatua, na ngozi zikahamishiwa mbali na mto. Watu wakala kunde hadi mvua zilipousafisha mto, na Sultani akala kunde pamoja nao, maana zawadi ilikwisha kutolewa. Na siku kambare wa kwanza alipoliwa asitapike mtu, yule mtoto akasimama mwenyewe, akadai kichwa, akapewa.

Hekaya imebaki miiba mitupu. Nawa mikono, msikilizaji.