Sauti Aliyonyimwa Mama

Nisikilizeni, wapendwa. Kule Amerika palikuwa na mwanamke mmoja, mwimbaji wa opera, ile michezo ya jukwaani ambayo watu huimba kila neno, tangu salamu hadi kufa. Mama yake alikuwa akifua nguo za watu, mikono ikachubuka kwa sabuni ili binti asomee kuimba. Binti akapanda juu. Wakubwa wa dunia walisimama kumpigia makofi.

Siku moja mdogo wake akampigia simu. "Dada, mama amezidiwa. Uji hataki, dawa hataki. Anataka umwimbie tu. Nimwekee simu sikioni?"

Akajibu kwa kunong'ona, "Usimwekee. Jumamosi nina onyesho kubwa, na daktari amenikataza kutumia sauti. Mwambie Jumapili nitakuja nimwimbie mpaka achoke mwenyewe."

Jumamosi aliimba, ukumbi mzima ukalia. Jumapili alipofika nyumbani, akakuta watu wamekaa matanga.

Basi akaimba mazikoni. Aliimba, ndugu zangu, hata wachimba kaburi wakaweka majembe chini. Watu wakasema, mama huyu alibarikiwa kuzaa.

Watu walipotawanyika, akamuuliza mdogo wake, "Mama ameondoka na kinyongo na mimi?"

"Hapana. Alivyozidi kukuulizia, nikamwimbia mimi, na sauti yangu hii ya kukwaruza. Macho yalikuwa hayaoni tena. Akanishika mkono, akaniita kwa jina lako. Akasema, 'Asante mwanangu, nilijua hutaniacha.'"

"Ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini, dada? Niliitika tu, nikaendelea kuimba."

Yule mwimbaji akakaa chini kwenye udongo mbichi.

Sasa sisi, wapendwa. Sisi opera hatuijui. Lakini kicheko chetu kizuri tunampelekea nani? Si wageni? Si bosi? Hapa kanisani tunaimba mpaka mishipa inatutoka shingoni, tukirudi nyumbani tunasema, niacheni, nimechoka. Na kila mmoja wetu anajitetea, si nitakwenda Jumapili?

Nakuuliza wewe uliyeketi hapo: ni nani leo anayemlisha mzazi wako, anayemgeuza kitandani, na kuitikia jina lako? Usije siku moja ukajifariji kwamba mama alikufa kwa amani. Alikufa kwa amani, ndiyo. Lakini amani ile hakupewa na wewe.