Macho Makavu ya Senkondo

Kabla bibi wa bibi zetu hawajazaliwa, macho ya binadamu hayakujua kuficha kitu. Mtu aliyemkosea mwenzake alipotazamana naye, machozi ya haya yalimtoka yenyewe. Hapakuwa na viapo wala mashahidi. Mshtakiwa alisimamishwa mbele ya aliyekosewa, na macho ndiyo yaliyohukumu.

Ukaja mwaka wa njaa. Kijiji kilikusanya mtama uliobaki, kikamkabidhi Senkondo aupime kila jioni, kibaba kwa kila nyumba. Nakijwa, mjane wa ndugu yake, alikuwa na binti anayenyonya. Kibaba kikawa nusu, nusu ikawa konzi. Senkondo alisema wadudu wameingia ghalani. Maziwa ya Nakijwa yakakatika, na mtoto akafa.

Msibani, Senkondo alikaa mbele, akanywa uji wake, akaomba kuongezewa. Nakijwa aliyaona mashavu yake yalivyojaa, wakati wenzake wote wamebaki mifupa. Akawasihi wazee wamsimamishe.

Wakatazamana. Nakijwa alimkazia macho mpaka akalia mwenyewe, lakini ya Senkondo hayakulowa hata kidogo. Wazee wakaamua kwamba amemsingizia shemeji yake. Nakijwa akapiga magoti, udongo wa kaburi la mwanawe ukiwa bado kwenye pindo la kanga yake, akamwomba radhi.

Mvua ziliporudi, ukuta wa nyumba ya Senkondo ulibomoka. Nyuma yake kulikuwa na vikapu vya mtama, umeanza kuchipua. Nakijwa alimwuliza jambo moja tu: siku ile aliwezaje?

"Mara ya kwanza nilipokupunja, shemeji, machozi yalinitoka," Senkondo alisema. "Nikayafuta, nikaenda kula. Mara ya pili yakatoka kidogo. Ulipomzika mtoto, hayakuwapo tena."

Hakuinamisha kichwa. Aliuliza kama angeachiwa kikapu kimoja cha njiani. Wakamfukuza, lakini waliosikia jinsi alivyoweza walikuwa wengi, na si wote waliosahau.

Na tangu siku hiyo macho yakaacha kuwa hakimu, tukabaki na viapo. Asiye na haya tukamwita mkavu wa macho. Neno hili haliwafai wasiolia msibani, maana Nakijwa naye hakulia tena mpaka alipokufa. Ni la yule anayejua alichokutendea, akakutazama usoni, akaomba kuongezewa uji.